Wali Uliosimama Pembe Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu ametangaza vita na makopo yangu ya plastiki. Yale ya siagi na aiskrimu niliyoyakusanya miaka na miaka, yamejipanga juu ya kabati, makubwa nyuma, madogo mbele, kama ukoo unaopigwa picha. Eti muuguzi wa kliniki kamwambia chakula kikipashwa moto ndani ya plastiki, kemikali zinaweza kuhamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta, na hasa kopo likiwa kuukuu. Nikamwambia nimekula hivyo tangu ujana na sijambo. Akasema hata kopo la njano lilikuwa halijambo, sasa nilitazame lilivyofifia.

Hukumu imetoka. Kopo ni la kubebea tu. Kazini nihamishie chakula kwenye bakuli la kioo alilonunua, ndipo nipashe, na nimtumie picha. Nikikaidi, hanifungashii tena. Maharage yake! Watu wa stoo huacha kuhesabu vipuri wakaja kunusa. Mengi naweza kuishi bila. Hayo, hapana.

Jumanne, 4 Machi
Bakuli zito. Kioo kinachelewa kupata moto. Foleni ya maikrowevu nyuma yangu inaguna. Nikapata akili: nipashe ndani ya kopo, nikipindue bakulini, nipige picha. Nani atajua? Mhasibu wetu, aliyekuwa kwenye foleni, alinitazama akatikisa kichwa. Wivu. Picha ikaenda, jibu likaja: vizuri sana, mume wangu. Nilikula kwa raha ya mshindi.

Jioni akaniuliza wali umejifunzia wapi kusimama pembe nne ndani ya bakuli la mviringo. Nikasema niliupindua ukiwa baridi, ndipo nikapasha. Hoja nzito! Akaomba kopo. Asubuhi liliondoka limenyooka, jioni limerudi kona moja imelegea kwa joto. Akakuza picha kwenye simu. Wali nao ulikuwa umelegea kona ile ile.

Za mwizi arobaini, mimi hata ya pili sikufika. Lakini ni jicho gani lile! Pale stoo angekuwepo yeye, hata skrubu isingepotea.

Jumatano, 5 Machi
Nimeomba radhi. Nilitegemea matusi. Akakaa kando yangu akasema hagombani kwa sababu ya makopo. Baba yake alikuwa mbishi wa dawa, na hakumwona akizeeka. Anataka sisi wawili tuzeeke pamoja, tugombanie redio. Nikaapa. Nampenda mwanamke huyu, na nilimwambia hivyo, akaniuliza nimevunja nini tena.

Makopo yote sasa yako uani, yameoteshwa vitunguu. Chakula nitakibeba ndani ya kioo kile kile, kimefungwa kwa kitambaa. Nimepewa nafasi ya mwisho.

Alhamisi, 6 Machi
Mhasibu amelalamika maharage yangu yanarukaruka na kuchafua maikrowevu. Kweli, yanahitaji kufunikwa. Bahati yangu! Asubuhi nilikuwa nimeona kifuniko kimoja cha plastiki nyuma ya droo, kimesalia peke yake, nikakitia mfukoni. Na kifuniko si kopo. Hakibebi chakula, kinakitazama tu kwa juu.

Kilitazama, kikasinzia, kikalala juu ya maharage. Nikakibandua, nikala, nikapiga picha ya bakuli tupu lililong'aa. Safi!

Jioni akafungua droo kabla hajavua viatu. Akanyoosha mkono. Nikatoa kifuniko, kimepinda kama tandiko la punda. Kumbe alikiacha makusudi! Alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akafuta machozi, na sikujua kama yote yalikuwa ya kicheko. Akasema kuanzia kesho hanifungashii, mpaka nielewe mwenyewe.

Mtego wa kifuniko kimoja! Nimeoa jenerali.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetafakari usiku kucha. Mke wangu ana haki. Plastiki na kupasha moto haviendani, na leo nimeelewa kabisa. Sitapasha tena.

Nimepata muuza chakula pale kona ya stoo. Maharage yake hayafikii ya nyumbani hata kwa ngazi, lakini huyachota yakiwa bado yanatokota chunguni na kuyafunga papo hapo ndani ya mfuko wa nailoni. Yanafika mezani kwangu yanachoma vidole. Hakuna kupasha hata kidogo!

Hilo hata yeye, na akili zake zote, hakuliwaza. Jioni namwonyesha picha.