Shingo ya Nyundo

Jumatano, 4 Juni
Pambano la uzito wa juu ni Jumamosi: Nyundo dhidi ya Kifaru. Nimetabiri Kifaru, raundi ya nne. Shemeji, kinyozi wa mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu, anasema Nyundo. Tumewekeana sharti mbele ya wateja: atakayekosea ananyolewa masharubu. Yake ni vinyweleo tu. Yangu nimeyalea tangu nikiwa kapera! Mke wangu, dada yake, ameuliza kama tuna akili timamu.

Alhamisi, 5 Juni
Ugunduzi! Nimepima bango jipya la Nyundo kwa utepe wangu. Shingo imezidi ile ya bango la mwaka jana, ninalofunikia cherehani, kwa vidole viwili. Mimi ni fundi, shingo nazijua. Hiyo ni dawa ya kuongeza nguvu! Nimewatangazia wote. Mteja mmoja katoka kitini kwa shemeji kichwa kimenyolewa nusu, aje aone.
Jambo moja linaniwasha. Anayechukua mkojo wa mabondia ukapimwe dawa husimama wapi? Hutazama? Na bondia akiona haya? Nimemuuliza mfamasia. Kaniuliza naumwa wapi.

Ijumaa, 6 Juni
Mfamasia kamwambia mke wangu naulizia mambo ya mkojo. Nimenyweshwa jagi zima la maji. Ikabidi nimwonyeshe mabango yote mawili. Aliyatazama kwa zamu.
“Baba watoto, hili jipya ni kubwa zaidi. Hata mkanda wake umekua. Nao umetumia dawa?”
Anamtetea kaka yake, basi.

Jumamosi, 7 Juni
Redio: pambano limefutwa! Bondia mmoja kanaswa kwenye vipimo, mwenzake kapewa ushindi. Jina litatajwa baada ya matangazo ya biashara. Ya nini kungoja? Nimemkalisha shemeji kwenye kiti chake mwenyewe, nikampaka povu, nikashika wembe.
Ndipo likatajwa jina. Kifaru.
Shemeji akafuta povu taratibu, akanipisha kiti.
“Karibu, shemeji.”

Jumapili, 8 Juni
Mdomo wa juu unahisi baridi. Nimelia kidogo, sifichi. Mwanangu wa mwisho kanikimbia.
Lakini dawa si zilikuwepo? Nilikosea kiungo tu. Leo nimepima masikio ya Kifaru bangoni: makubwa kupita kiasi! Masikio hayadanganyi. Bondia mmoja wa pambano la mwezi ujao ana masikio ya kawaida kabisa. Atashinda raundi ya pili. Shemeji ameuliza safari hii naweka nini.
Bado nina nyusi.