Warusi wa Lazarus

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kiliteleza jikoni kwa Petronilla kikalia kama kengele ndogo. Lazarus, mpangaji wake wa chumba cha nyuma pale Malaba, akafumbua jicho moja. Ng'ambo ya ukuta alikuwa Okwara, nduguye Petronilla, anayepitishia watu mizigo mpakani.

"Malori ya Warusi yanakuja, dada. Yanapeleka mitambo Uganda. Nani ataongea nao?"

Lazarus akafumbua jicho la pili.

Kufikia saa nne alikuwa sokoni na tai shingoni. "Mimi nimekaa Moscow," alisema, naye hajawahi kupita Nakuru. "Warusi ni ndugu zangu. Wakija, wanashukia kwangu. Anayejua lugha yao ndiye atawauzia. Ada ni kuku mmoja."

Tulijiandikisha. Nasema tulijiandikisha, maana mimi nami nilipeleka jogoo wangu, nikakaa benchi la mbele, nikajiona msomi.

Kirusi chenyewe kilikuwa chepesi. "Kwao kila kitu kina mkia," Lazarus alifundisha. "Maji ni majiski. Chai ni chaiski. Kuku?"

"Kukuski!"

"Na Mrusi akikasirika anasemaje?" Okwara akauliza.

"Polepoleski," Lazarus akajibu bila kupepesa.

Tukawapenda Warusi kwa upole wao. Wiki nzima nilimkamua ng'ombe wangu kwa Kirusi, na kusema kweli hakulalamika.

Banda la kuku likajaa. Lazarus alipanga kuwauza wote Nambale siku ya soko, apande basi la Nairobi, asionekane tena. Asubuhi hiyo ameshawafunga miguu, honi zikalia barabarani. Warusi walikuwa wamefika mapema, na lori moja limechemka.

Nilikuwa wa kwanza kufika. "Habariski!" nikamwambia mzee mmoja aliyeiva uso kwa jua. Hakuelewa hata kidogo, lakini alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nadhani alifikiri naumwa.

Okwara alimkuta Lazarus langoni na kuku wake. "Mwalimu! Ndugu zako hawa hapa!"

"Hawa ni wa upande ule mwingine wa Urusi. Kirusi chao ni kizito."

Petronilla akatoka akipangusa mikono. Akatazama kuku, akatazama tai.

"Mwalimu, si ulisema wanashukia kwako?"

"Nilisema, mama."

"Basi huku kwetu mgeni hapewi mboga za majani kama mwenyeji wake ana kuku. Tuwashe moto?"

Lazarus akawapitishia macho Warusi mmoja mmoja. Walikuwa wengi, wenye mabega mapana. "Labda hawali kuku, mama."

"Boss," Okwara akasema, "tuseme ndugu zako wamelala njaa Malaba? Ama tuseme si ndugu zako?"

Benchi la mbele tukamgeukia mwalimu. Benchi la nyuma, la makuli, wakakunja mikono ya mashati.

"Chinjeni," Lazarus akasema, kwa sauti ya mtu anayezika.

Tulikula pamoja, wageni na darasa zima. Yule mzee akaweka mkono kifuani akasema, "Spasiba," nasi tukajua ni asante. Akaonyesha maji: "Vada." Akaonyesha kikombe, na ajabu, chai yao inaitwa chai, haina mkia wowote. Lazarus alirudia kila neno, kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Mimi nilikuta paja la jogoo wangu sahanini mwangu. Alikuwa mgumu.

Jioni malori yakavuka. Lazarus akasimama kando ya barabara na mfuko mtupu, tai ameitia mfukoni mwa suruali. Petronilla akamletea kipande cha kuku alichokifunga kwa jani la mgomba, cha kula njiani.

"Mama, ulijua?"

"Tangu somo la kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Watu walikuwa wanacheka. Mwaka huu hatujacheka sana." Akamwekea jani lile mkononi. "Urudi ututembelee, mwalimu. Tutakufundisha Kirusi."