Sahihi za Mama Najah

Jumatatu, 19 Novemba 2007
Mama Najah anauza nguo soko la Kitengela. Kansela wetu wa wadi, Mburu, anataka kubomoa vibanda vya akina mama, malori ya mawe yapate pa kuegesha. Hakuna anayempinga kwenye uchaguzi wa Desemba. Mama Najah amesema basi atasimama yeye, bila chama chochote. Nani anajua mambo ya fomu? Mimi, Mumo, baba yake Mbeke. Nimejiteua Mshauri Mkuu. Hakukataa. Alikuwa anamfungia mteja leso.

Jumanne, 20 Novemba
Kajiado, kwa afisa wa uchaguzi. Amesema sheria haimjui mgombea asiye na chama. Nikamwambia aisome vizuri. Akanisomea, yote, kwa sauti. Aibu. Karani wake, Phylis, akaninong'oneza kuwa kuna vyama vidogo vinavyotafuta wagombea.

Jumatano, 21 Novemba
Chama nimepata! Ofisi ni kiti kimoja ndani ya duka la kinyozi, na mwenyekiti ndiye kinyozi. Aliniandikia cheti mteja akingoja na nusu ya nywele. Alama yao ni mwiko. Mama Najah akauliza, mwiko wa ugali ama mwiko wa kukatazwa? Nikamwambia yote mawili, Mburu atatetemeka. Hakucheka. Alisema kibanda chake ndicho kimemsomesha mwanawe Najah, na nisimchezee.

Alhamisi, 22 Novemba
Zinatakiwa sahihi kumi za wapiga kura wa wadi hii. Mbithi wa simiti, mtu wa kujifanya mjuaji, ati nikague kadi ya kura ya kila mtu kwanza. Wivu tu. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza. Sharmarke wa mbuzi, Ouma wa machimbo, Mugure wa saluni, Kavutha wa mboga na wengine. Watu wa Kitengela kabisa, wa miaka na miaka.

Ijumaa, 23 Novemba
Siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Afisa akafungua daftari la wapiga kura. Sharmarke, Garissa. Ouma, Siaya. Mugure, Nyeri. Kavutha, Mwingi. Akauliza kama nina hata mmoja anayepiga kura hapa. Nikajigonga kifua. Akanitafuta. Makueni. Sote tumejiandikisha nyumbani! Aliyeandikishwa Kitengela ni Mama Najah peke yake, na mgombea hawezi kujitilia sahihi mwenyewe. Saa kumi mlango ukafungwa. Mburu amepita bila kupingwa.
Mama Najah hakunitukana. Alisema tu, Baba Mbeke, asante kwa kujaribu. Heri angenitukana.

Jumatatu, 26 Novemba
Mburu ameonekana sokoni akipima vibanda kwa hatua. Mama Najah na Mbithi wametafuta wakili wa kuzuia vibanda visibomolewe. Hawakuniita. Sawa.
Kosa letu nimeliona: tulichelewa. Kwa uchaguzi wa 2012 naanza mapema. Wiki ya Krismasi hii nitasimama steji ya matatu na kalamu, watu wote wakipanda magari kwenda nyumbani kupiga kura. Siwezi kukosa sahihi elfu moja. Nikimaliza na mimi nipande, nisije nikachelewa kura yangu Makueni.