Kipimo cha Chai cha Ofisi ya Posho na Kaya

Ofisi ya Posho na Kaya ya mji wa Scarthby ina furaha kuutangazia umma kwamba mapenzi sasa yanapimika. Vifaa vinavyohitajika ni birika la umeme, kikombe kimoja na mkaguzi mwenye subira. Mimi, Msemaji Msaidizi wa Ofisi, nimepewa heshima ya kueleza jinsi tulivyofikia hatua hii, na nitaeleza bila upendeleo, kwa kuwa upendeleo unahitaji kibali na kibali changu bado kinashughulikiwa.

Sheria yetu ni nyepesi. Mtu mwenye ulemavu asiyeweza kufanya kazi hupewa posho. Lakini akiishi na mwenza mwenye ajira, mshahara wa mwenza huhesabiwa kuwa ni wake, na posho inakatwa. Hapa Uingereza tunaamini kwamba mtu akishapendwa, hana haja tena ya kula kwa jina lake mwenyewe.

Kazi ilikuwa kumtambua huyo mwenza. Wenye vyeti vya ndoa hawakutusumbua. Waliotunyima usingizi ni wale wanaokaa pamoja bila cheti, wakidai huyu ni mpangaji na yule ni fundi bomba aliyechelewa kuondoka. Mwanzoni tulitegemea maneno: mtu akikuita "mpenzi", huyo ni mwenza wako. Kwa bahati mbaya, Scarthby kila mtu humwita kila mtu mpenzi. Muuza chipsi humwita hivyo mteja, dereva wa basi humwita hivyo abiria, na askari humwita hivyo mwizi huku akimtia pingu. Kwa juma zima mji wote ukawa kaya moja, na hakuna aliyestahili chochote. Mkurugenzi wetu, Bwana Aubrey Lockhurst, aliyaita matokeo hayo mafanikio ya kutia moyo, ila wakubwa wa juu wakaogopa uchaguzi.

Ndipo Bwana Lockhurst akabuni Kipimo cha Chai.

Kila mtu hapa hunywa chai, na kila mtu ana masharti yake. Mmoja anataka maziwa kidogo tu, mwingine anataka rangi ya tofali, wa tatu akikuta sukari imezidi atanuna hadi jioni. Kwa hiyo ukimwandalia mgeni chai, lazima umuulize. Asiyeuliza ni mtu asiye na adabu, au ni mtu anayekujua hadi kwenye mifupa. Kanuni ya Nne ikatamka hivi: mtu yeyote mwenye mshahara anayekuandalia chai bila kukuuliza sukari, nawe ukairidhia, ndiye mwenza wako. Kanuni haina msamaha kwa umri, jinsia wala cheo.

Niongeze kwamba Bwana Lockhurst mwenyewe ni mnufaika wa sheria hii. Mgongo wake umeumia kwa miaka mingi ya kuongoza vikao, naye hupokea posho ya ulemavu ya maofisa waandamizi. Mshahara wake hauhesabiwi, kwa sababu mshahara wa mkurugenzi si mapato bali ni heshima. Na kwa kuwa ni mjane anayeishi peke yake, hana mwenza wa kuhesabiwa. Yeye ndiye mfano tunaouonyesha kwa wageni.

Mtu wa kwanza kupimwa alikuwa Bi Glenys Marsden. Natangaza maslahi yangu: alikuwa mpishi wa shule ya bweni niliyosoma, na uji wake ungeweza kuziba paa. Kisha ugonjwa wa neva ukaichukua miguu yake, akabaki na fimbo mbili, ulimi wake, na Ronnie Tasker. Ronnie anafungasha samaki kiwandani. Mshahara wake unatosha kumlisha Ronnie, na mwisho wa mwezi hata Ronnie huanza kuulalamikia.

Mkaguzi Tunley alifika jioni moja, Ronnie akiwa ametoka zamu, bado ananuka samaki. Birika likachemka. Ronnie akamimina, akakoroga, akaweka kikombe mbele ya Glenys.

"Hukumuuliza," Tunley akasema.

"Kumuuliza nini?"

"Sukari."

Ronnie akacheka. "We bwana, nimuulize huyu sukari? Si atanitwanga na fimbo!"

"Nakutwanga kweli," Glenys akasema, akanywa.

"Na chai imekuridhisha?" Tunley akamuuliza.

"Iko kama siku zote."

Tunley akaandika. Ndipo Ronnie akashtuka. "Ngoja, ngoja, narudia! Ee bibie nisiyekujua vizuri, je, unatumia sukari?"

"Acha upuuzi, Ron. Kaa unywe chai yako, inapoa."

"Hayo nayo nimeyaandika," Tunley akasema kwa upole. Ni kijana mwaminifu kama mizani, na hana akili za ziada za kumsumbua. Akawaeleza uamuzi: posho imekatwa, lakini Ofisi, kwa huruma zake, inawapa hiari mbili. Ronnie aache kazi, au Ronnie aache nyumba.

"Akiacha kazi tunakula nini?" Glenys akauliza. "Na akihama, usiku nani atanipandisha ngazi?"

"Hilo ni suala la ngazi, mama. Ofisi yetu haina mamlaka juu ya ngazi."

Ronnie akahamia kwenye karavani ya kaka yake, kijumba cha kukokotwa na gari, akakiegesha ng'ambo ya barabara. Glenys akalala kwenye kochi la sebuleni, kwa kuwa chumba chake kilikuwa juu na miguu ya kumfikisha huko ilikuwa nje kwenye mvua. Jioni walipungiana mikono dirishani. Tulituma mtaalamu kuutathmini upungaji huo, akautaja kuwa wa kijirani. Nasi tulikuwa karibu kabisa kuirudisha posho.

Lakini asubuhi moja Tunley alikuta chupa ya chai mlangoni kwa Glenys. Akaionja. Ilikuwa na sukari. Hakuna aliyemsikia mtu yeyote akiuliza.

Kwa hiyo Bi Glenys akawa amepoteza posho na mwanamume kwa pamoja, jambo ambalo kitakwimu lilihesabiwa kama ufanisi maradufu. Akakata rufaa.

Baraza la Rufaa lilikaa chini ya Bwana Lockhurst, aliyeandika kanuni na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuishuku. Glenys aliingia na fimbo zake, Ronnie akimfuata kwa umbali uliokubalika kisheria.

"Mheshimiwa, mimi sitaki makubwa," Glenys akasema. "Nataka posho yangu, niwe na changu mkononi nisimwombe mtu hela ya sabuni. Na nataka huyu arudi nyumbani, maana kochi linanimaliza."

"Bi Marsden, kanuni ni kanuni. Asiyeuliza ni mwenza."

"Hata awe nani?"

"Hata awe askofu."

"Na kama analipwa mshahara?"

"Hasa kama analipwa mshahara!"

Wakati huohuo mlango ukafunguka, kama unavyofunguka kila siku saa ile, akaingia Bi Doreen Sugden, katibu wa Mkurugenzi. Bila kusema neno akaweka kikombe mkono wa kulia wa bosi wake, na biskuti mbili kushoto. Bwana Lockhurst akanywa. Akafumba macho. "Aaah," akasema.

Glenys akaegemea fimbo zake. "Mbona hajakuuliza sukari?"

Hata radieta ya kupasha chumba joto iliacha kugongagonga.

"Nimuulize nini?" Doreen akasema. "Namletea chai huyu tangu akiwa na nywele."

Tunley akasimama na kalamu yake. "Bwana Mkurugenzi, samahani. Je, imekuridhisha?"

"Kaa chini, Tunley!"

"Nimeona umefumba macho, bwana. Na ukasema aaah."

"Huyu ni katibu wangu!"

"Wote husema hivyo, bwana. Katibu, mpangaji, fundi bomba."

Doreen akaiweka trei mezani kwa kishindo. "Ina maana mimi ni mke wa huyu? Mtu hajawahi kuikumbuka siku yangu ya kuzaliwa hata mara moja!"

"Hiyo haipingi ndoa, dada," Glenys akasema.

Matokeo yalitoka siku hiyohiyo, kwani Ofisi yetu haicheleweshi haki inayomhusu mkubwa. Mkurugenzi alipatikana na mwenza mwenye ajira ambaye hakumtaja popote. Posho ya mgongo ikakatwa. Na kwa kuwa chai hiyo ilinywewa ofisini, ofisi ikatambuliwa kuwa ndiyo nyumba yao. Tunley akawapa hiari mbili, kwa upole uleule: mmoja aache kazi, au mmoja ahame.

"Mimi kazi siachi," Doreen akasema. "Na kuhama sihami. Radieta iko upande wangu."

Bwana Lockhurst akaamuru Kanuni ya Nne ifutwe papo hapo. Tukamkumbusha kwamba mtu anayechunguzwa hawezi kutia saini mabadiliko ya kanuni inayomchunguza. Kaimu akatafutwa kwa kufuata urefu wa utumishi. Akapatikana Bi Doreen Sugden.

Bi Doreen akaifuta Kanuni ya Nne kwa wananchi wote, akatia saini, akapuliza wino. Kwa maofisa wa ngazi ya mkurugenzi akaiacha ilivyo, ili kuhifadhi historia. Posho ya Glenys ikarudi, maana bila Kipimo hakuna aliyeweza kuthibitisha Ronnie ni nani. Jioni ile Ronnie akampandisha ngazi, taratibu, huku Glenys akimtukana kwa jina lake kwenye kila ngazi.

Bwana Lockhurst naye, kwa kuwa Bi Doreen alikataa kuhama na kisheria ofisi ndiyo iliyokuwa nyumba yake pekee, alihitaji pa kukaa akisubiri rufaa yake. Ronnie, ambaye hana kinyongo, alimwazima karavani, nayo sasa imeegeshwa kwenye uwanja wa magari wa Ofisi. Juzi Ronnie alipita kuchukua blanketi alilosahau, nami nilikuwepo kikazi, nikichungulia. Alimkuta Mkurugenzi amesimama mbele ya birika kama mtu anayesubiri kujibiwa na ng'ombe.

"Kaa, mzee, nikuwekee," Ronnie akasema. Akamimina chai, akashika kijiko, kisha akasita. "Nakuuliza kwa usalama wetu sote, wasije wakatuoza. Sukari vijiko vingapi?"

Bwana Lockhurst akatazama juu kwenye dirisha la ofisi yake, ambako taa ya Bi Doreen ilikuwa inawaka.

"Sijui," akasema.