Ombi la Kumnyamazisha Tilda Nungunungu

Shifa Zubairi,
Mafubira, Jinja.
Kwa sasa niko Nakaloke, Mbale.

Kwa Meneja wa Vipindi vya Watoto,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda na mitambo. Mimi ni msichana niliyemaliza shule mwaka jana. Sijawahi kulalamika kwa maandishi wala kwa mdomo, hasa kwa mdomo, kwa hiyo nikikosea taratibu unisamehe.

Nalalamika kuhusu katuni ya Wakazi wa Shina. Ile ya zamani, ambayo mama aliitazama akiwa mdogo na mimi nikaitazama ikirudiwa kila jioni, ilikuwa na wanyama watano wanaoishi ndani ya shina la mti. Wanne waliongea. Wa tano, Tilda nungunungu, hakusema neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Akitaka kitu alikitazama. Akikataa aliinua miiba. Kila mtu alimwelewa. Mwaka huu mmetuletea katuni hiyo ikiwa imetengenezwa upya, na malalamiko yangu ni haya:

1. Tilda anaongea. Nilidhani televisheni yetu imeharibika. Niliizima, nikaiwasha, bado anaongea. Anaimba wimbo wa kufungulia kipindi. Amekuwa kiongozi wa kundi, na ana simu.

2. Mambo mengine pia mmeyagusa. Zamani kipindi kizima walitafuta kofia ya bata, kofia haikupatikana, na tukalala vizuri. Siku hizi sijamaliza kumenya ndizi moja ya matoke, tayari matatizo matatu yametatuliwa na wote wamekumbatiana. Yule mbweha mwizi ametubu. Sasa nani anaiba? Hata hivyo, hayo ningeyavumilia.

3. Nikiwa na miaka mitano, familia yangu ilinipa jina la Tilda. Mgeni akiuliza, "Huyu mtoto wenu hana ulimi?" mama alijibu, "Huyo ni Tilda wetu." Basi, mgeni anacheka, anakunywa chai, mimi naachwa. Jina hilo limenilinda harusini, matangani, hata kwa mwalimu wa mijadala. Siku Tilda alipofungua mdomo, kaka yangu Shafik aligeuka akanitazama. "Umeona? Mwenyewe ameanza kuongea. Wewe nakala unangoja nini?"

4. Shangazi yangu Rashidah anauza nguo za mitumba za watoto hapa sokoni Nakaloke. Nililetwa kwake nikae nyuma nikunje nguo, kazi ninayoipenda kabisa. Lakini hapa wauzaji wana vipaza sauti. Mtu anarekodi maneno yake mara moja, kisha chombo kinayarudia kutwa nzima. Shangazi naye amenunua chake, na anataka sauti yangu. Nilipomwambia siwezi, alisema, "Hata kale kanungunungu kenu kanaweza! Na kenyewe hakajafika hata nasari." Amenipa hadi Jumamosi, siku ambayo wateja ni wengi. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa Habibah wa jirani, ambaye sauti yake inafika barabarani bila betri, na mimi narudi Mafubira kukaa tu. Mheshimiwa, sitaki kurudi. Ninachoogopa ni sauti yangu kunirudia mimi mwenyewe, asubuhi hadi jioni, mbele za watu, na mimi nimesimama palepale.

5. Nafikiria pia nchi yetu. Ikiwa nungunungu aliyenyamaza kwa hiari yake miaka thelathini analazimishwa kuongea, mtakomea wapi? Kesho ni zamu ya shina lenyewe. Keshokutwa samaki wa ziwani kule Masese watatoa maoni kuhusu bei yao, viti vya ofisini vitataja waliovikalia bila kufanya kazi, na mbuzi wa sikukuu watataka wakili. Wote tukiwa wasemaji, nani atabaki wa kusikiliza?

Kwa hiyo naomba Tilda anyamaze kabla ya Jumamosi. Siombi mumfukuze. Apate mafua tu, sauti ikauke. Kama mafua ni ghali kuchora, kateni sauti yake. Sisi tutajua anachosema, kama tulivyojua miaka yote.

Nawasalimu wasoma habari, fundi wa mlingoti, yule mama wa hali ya hewa ambaye hukosea kila akifika Mbale, na afande wa getini. Shangazi pia anawasalimu, ingawa hajui nimeandika nini.

Wako kwa heshima na kwa sauti ya chini,

Shifa Zubairi

Nyongeza: Barua ilichelewa kuondoka, na leo ndiyo Jumamosi. Asubuhi Shangazi aliniwekea kipaza sauti mdomoni. "Sema chochote, mtoto, hata jina lako!" Maneno ya nguo hayakuja. Mkononi nilikuwa na barua hii tu, basi niligeukia ukutani nikasoma lalamiko la pili. Tangu hapo chombo kinalirudia. Muuza nyama wa upande wa pili amepiga kelele, "Mbweha kutubu kuna ubaya gani?" Mama mmoja akamjibu, "Unamtetea kwa sababu mizani yenu ni moja!" Watu wamejaa. Bwana Omollo, dereva wa lori kutoka Kenya, alisimama kuuliza kama kofia ilipatikana baadaye, akaondoka na sweta tatu. Niligundua kwamba mimi ndiye niliyemjibu, tena kwa kirefu. Shangazi anataka lalamiko la tano baada ya adhuhuri, na Habibah ameambiwa asubiri.

Kwa hiyo naliondoa ombi langu. Msimnyamazishe Tilda. Ila kuna yule konokono anayepita nyuma ya shina, ambaye mpaka leo hajasema kitu. Naomba naye aanze kuongea, ikiwezekana kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu malalamiko yananiishia.