Fomu ya Binti Yangu Wakili

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kaja na fomu ya kuchagua shule ya sekondari. Chaguo moja tu, kwa wino, mwisho Ijumaa. Mimi nasema sheria. Yeye anasema ufundi wa friji! Mtoto mwenye sauti inayosikika nyumba ya tatu!

Aliyemharibu namjua. Mjomba wake, yaani shemeji yangu, fundi friji tunayemwita Gesi. Akiwa na miaka minne binti alitaka kuwa twiga. Sawa, utoto. Alipofika saba akataka ualimu, kwa sababu ya chaki. Alipofika kumi Gesi akampa feni mbovu achezee. Feni ikazunguka. Basi, akili ikabaki hukohuko.

Mke wangu akanikumbusha kwamba baba yangu alinichagulia ukarani, nami nikatoroka kidato cha pili kupitia dirisha la choo. Nikamwambia hayo ni mambo tofauti kabisa. Baba alikosea. Mimi nina uzoefu: nimekuwa kinyozi, mpiga picha, dalali, mlinzi. Na urubani, ndoto yangu tangu darasa la pili, niliukaribia sana. Nilipakia mizigo uwanja wa ndege miezi mitano.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Nimempeleka kwa wakili niliyekuwa namnyoa. Aone joho, aone vitabu, moyo ulainike. Binti akasikia friji ya pembeni ikinguruma. Nusu saa baadaye wakili kavua joho, kapiga magoti, anamshikia tochi. Friji ikapoa. Wakili akasema kwa miaka kumi na tisa hajaona jambo likiisha siku hiyohiyo ofisini mle.

Msaliti!

Alhamisi, 6 Machi

Binti yuko kwa Gesi. Fomu iko mezani. Mimi niko na kalamu. Unafikiri nini?

Nimeijaza yote. Mwandiko wa kiserikali. SHERIA, na mistari miwili chini yake. Nikaipeleka kwa mwalimu mkuu mwenyewe, nikarudi napiga mluzi. Gesi akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia aanze kuzoea kumwita mpwa wake Mheshimiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu tupu. Mwalimu mkuu kaniita na binti. Gesi naye akaja, maana kubaki kwake hajui.

Kumbe penye jina la mwanafunzi nimeandika langu! Mazoea. Mimi nikiona nafasi wazi kwenye karatasi, jina langu linaingia lenyewe. Umri: arobaini na sita. Penye mzazi nikaandika la binti. Mwalimu mkuu, uso mkavu kama wa hakimu, akamwuliza binti kama yeye, mzazi, anaridhia mwanafunzi huyu akasome sheria.

"Huyu? Hapana, mwalimu. Darasani hatulii."

Gesi akacheka mpaka akakalia kapu la taka.

Wakampa fomu safi. Binti akainama, akaandika polepole, ncha ya ulimi nje, kama siku ile ya feni. Ufundi wa friji. Kisha akanisogezea nisaini. Macho yake yalikuwa dirishani. Nikalikumbuka dirisha langu.

Nikasaini. Mahali penyewe, safari hii. Ofisi ile ina vumbi jingi sana, linaingia machoni. Wafagie.

Jumapili, 9 Machi

Kitinda mimba wangu ana miezi tisa. Leo mezani kashika kijiko, kagonga mara tatu, akatukazia macho mpaka wote tukanyamaza. Hata Gesi!

Jaji! Jaji mtupu!

Mama yake anasema ana njaa. Binti anasema kijiko kimelegea mpini. Watu wa nyumba hii hawaoni mbali. Kesho asubuhi naenda kuomba fomu. Nitaanza na jina langu, ili wajue mapema mtoto katoka kwa nani.