Soksi ya Kijani ya Odilon

Jumatano, 11 Machi
Mashindano ya divai ya bonde letu la Marcillac ni Jumapili. Mwaka jana nilishika mkia. Mkia! Wa kwanza nani? Odilon Vayssade, jirani yangu, kama kawaida yake. Mke wangu Solange kasema nikishindwa tena, shamba la kilimani anamuuzia Odilon, ambaye analimezea mate siku zote. Mizabibu aliyoipanda babu!

Ijumaa, 13 Machi
Nimekwenda kwa Odilon kuazima faneli. Kisingizio tu. Kaniuliza mbele ya watu, Firmin bwana, mwaka huu unatuletea divai au siki ya kachumbari? Wakacheka. Nikacheka nami, roho inaniuma. Lakini nimeiona soksi atakayoivalisha chupa yake: ya kijani, sufu nene. Yangu nyekundu. Chupa zote hazina nembo, kila moja huvalishwa soksi ya mwenyewe, na waonjaji wanatoka kijiji kingine. Anayeshinda hujulikana kwa soksi yake tu. Mungu hamtupi mja wake!

Jumapili, 15 Machi
Asubuhi chupa zilifunguliwa ukumbini zipumue. Wenzangu wakaenda kula viazi vya kuponda na jibini. Nikasingizia tumbo. Nikabadilisha soksi: nyekundu kwenye chupa ya Odilon, kijani kwenye yangu. Raha iliyoje.

Jioni. Balaa. Soksi ya kijani imeshinda, waonjaji wote kwa kauli moja. Yaani divai yangu! Nyekundu imeshika mkia. Odilon kabebwa juu juu, kisha kanipiga begani, eti usikate tamaa, jirani, hata siki ina wateja wake. Nimelia, siyo siri. Watu wakadhani namfurahia mwenzangu.

Jumatatu, 16 Machi
Solange aliionja chupa iliyoshinda. Kasema zabibu alizozichuma kwa mikono yake ulimi hauwezi kuzisahau. Divai ni yetu, shamba haliuzwi, na mimi ni punda. Kisha kanibusu. Nimefurahi mno! Kaniusia niache ujanja, niiamini divai yangu.

Nimewaza sana. Solange anakosea. Shamba lilelile, pipa lilelile. Mwaka jana soksi nyekundu: mkia. Mwaka huu soksi ya kijani: kichwa. Sasa siri ni nini kama si soksi?

Odilon kaifua, kaianika kambani. Mwenyewe yuko shambani kwake anapogoa mizabibu. Natoka kidogo.